Kwa Baiskeli Kuuzunguka Msitu wa Arabuko-Sokoke

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Malindi kwa gari, akishavuka daraja la Kilifi na kuyapita mashamba ya minazi na mikorosho, hufika mahali ambapo miti huanza kusongamana mkono wake wa kushoto, na kuendelea hivyo masafa marefu mpaka karibu na njiapanda ya Gede. Aghalabu msafiri huyo huwa anasinzia, au anazungumza na jirani yake juu ya bei ya unga, na miti ile humpita dirishani bila kumjulisha kwamba huo ndio msitu mkubwa kuliko yote ya aina yake iliyosalia katika Afrika ya Mashariki, msitu mkavu wa pwani wenye eneo la kilomita za mraba 420 hivi. Kwamba ndani yake wamo ndege na wanyama ambao mtu akiwatafuta penginepo duniani atarudi mikono mitupu. Na kwamba pembeni mwake, katika mwendo usiozidi siku moja, pana hori la Mida, lenye mikoko, na magofu ya Gede, mji wa kale wa Waswahili uliomezwa na miti. Makala haya yanaeleza mzunguko wa baiskeli unaoviunganisha vitu hivyo vyote, nao ni mzunguko ambao natamani kila kijana wa pwani aufanye walau mara moja katika umri wake.

Chombo kifaacho kuujulia hali msitu huu ni baiskeli. Gari huenda mbio, na kelele yake huwatimua wanyama kabla jicho halijawaona. Miguu nayo, ingawa ina heshima yake, haiwezi katika siku moja kumtoa mtu Gede, ikampitisha katika aina tatu za msitu, ikamfikisha Mida na kumrejesha magofuni kabla ya magharibi. Baiskeli huyaweza yote hayo kwa mwendo wa kadiri, na mtu mwenye afya ya kawaida, asiyezoea mashindano, atayatimiza bila dhiki kubwa, maadamu nchi yenyewe karibu yote ni tambarare na taabu yake ni moja tu, nayo ni mchanga.

Dawa ya mchanga inajulikana na mafundi wa njiapanda ya Gede. Mmoja wao, aliyekuwa amekaa chini ya mwarobaini na pampu yake, viraka vyake, chupa ya gundi na karai la maji la kutafutia tundu, aliyabonyeza matairi yangu kwa kidole gumba, akatikisa kichwa, akafungua vali na kuuachia upepo kidogo utoke. "Mchanga wa mle ndani wataka tairi laini, bwana," aliniambia, "likijaa sana litazama, nawe utasukuma badala ya kupanda." Kisha akaudondoshea mnyororo matone ya mafuta, akauzungusha kwa pedali mpaka ukanyamaza. Wakati akifanya kazi hiyo nilipata wasaa wa kuwatazama wapitao: huyu amefunga magunia mawili ya makaa juu ya kerio, yule amepachika madumu ya maji huku na huku, wa tatu amempakia mkewe na mtoto, wa nne ameficha baiskeli nzima chini ya kuni hata yaonekana magurudumu peke yake. Katika nchi hii baiskeli ni riziki kabla ya kuwa matembezi, na mtu aiendeshaye kwa raha hana budi kukumbuka kwamba barabara ile ile ni kazi ya wenziwe. Tena makaa na kuni zile zilinipa swali ambalo nilitembea nalo siku nzima, kwamba msitu uliozungukwa na watu wenye haja nyingi namna hii umesalimikaje hata leo.

Niliingia asubuhi na mapema, mwishoni mwa vuli, wakati mvua zimeushikisha mchanga na jua halijawa kali. Mlango ni kituo cha msitu cha Gede, kilicho kando ya barabara kuu, na hapo mgeni hulipa kiingilio na kupata mwongozaji. Mwongozaji wangu alikuwa Mgiriama wa makamo, mwenye baiskeli nzito ya chuma isiyo na gia, ambayo aliiendesha katika mchanga kwa utulivu ulionifanya niione yangu kuwa na vikorokoro vingi mno. Tulipokwisha kuamkiana alinipa sharti moja tu. "Humu mna ndovu, mwanangu. Tukisikia tawi linavunjika, tusimame, tusipige kengele, wala tusigeuze baiskeli kwa pupa. Yeye ndiye mwenye njia." Nikamjibu, "Nimesikia, mzee," tukaondoka, yeye mbele na mimi nyuma.

Sehemu ya kwanza, iliyo jirani na barabara, ni msitu mchanganyiko, na mtu anayejua biashara za pwani hupita humo akisoma taarikhi katika magome. Uko mbambakofi, ambao mbao zake zimetengeneza milango ya nyumba zetu na mbavu za majahazi yetu. Uko msandarusi, utoao ule utomvu mgumu uliokuwa bidhaa kubwa ya Unguja na mwambao wote katika karne ya 19, ukipelekwa Ulaya na Marekani kufanywa rangi ya kung'arishia samani. Na uko muhuhu, mti mgumu wenye harufu nzuri, ambao wachongaji wa vinyago waliupenda mno hata miti yake mikubwa ikaadimika. Serikali ya kikoloni iliutangaza msitu huu kuwa hifadhi mwaka 1943, na leo hulindwa kwa ushirikiano wa idara za misitu, wanyama na makumbusho, lakini shoka lilikuwa limetangulia tangazo, na baada ya tangazo halikukoma. Mzee alisimama penye kisiki cha muhuhu, akakigonga kwa kisigino, kikatoa sauti kavu ya kitu kizima. Kilikuwa kimekatwa zamani, akasema, yeye akiwa kijana. Mvua zimekipiga, mchwa wamekizunguka, nacho bado hakijaoza. Niliinama nikakinusa, na katika ule ufa wa katikati harufu ilikuwa ingalimo.

Tulikuwa tumeegesha baiskeli tunakunywa maji, mara katika majani makavu pakasikika mchakaro mwepesi, ukanyamaza, ukaanza tena. Mzee akainua kidole. Hatua chache mbele yetu akatokea mnyama mdogo, mkubwa kuliko panya yeyote wa nyumbani niliyepata kumwona lakini hajafikia sungura, ana miguu myembamba na pua ndefu inayopinda huku na huku ikichokora ardhi kutafuta wadudu. Mwili wake ulikuwa wa rangi ya hudhurungi iliyoiva, na matakoni mwake palikuwa na kiraka cha manjano kilichong'aa kama dhahabu kila alipopita penye jua. Huyo ni sange, na wa jamii hii ya kiraka cha dhahabu hapatikani ila katika misitu michache ya pwani ya Kenya, na Arabuko-Sokoke ndipo penye wengi wao. Dume na jike wake huishi katika himaya moja na kuilinda pamoja, ingawa kila mmoja hutafuta chakula chake peke yake. Hulala katika malundo ya majani wayajengayo chini, nao wana malundo kadhaa ambayo huyabadilisha ili adui asijue wamelala lipi. Wataalamu wa nasaba za wanyama wamethibitisha kwamba kiumbe huyu, ijapokuwa sura yake yamfanya adhaniwe kuwa panya, ana ujamaa wa karibu zaidi na ndovu, yule yule ambaye mzee alinitahadharisha kumpisha njia. Sange alituona. Akaupiga mkia wake juu ya majani, pa, pa, pa, akaruka mara mbili, akatoweka. Mzee aliniambia kwamba alipokuwa mtoto walimtega kwa kitanzi na kumla, na kwamba siku hizi yeye huishi kwa kumwonyesha kwa wageni. Akalisema hilo kwa sauti ya mtu anayetaja jambo la kawaida, nami nikahisi kwamba nimeanza kupata jibu la swali langu la asubuhi.

Mbele zaidi mchanga huwa mweupe na msitu hufunguka. Hii ndiyo nchi ya mirihi, miti mirefu yenye matawi yaliyotandaa, iliyosimama mbalimbali kwa heshima, na chini yake nyasi na jua la kutosha, hata mwendeshaji baiskeli hujiona amepita katika bustani iliyopandwa na mtunzaji mwenye busara, ilhali hakuna aliyeipanda. Mirihi haichagui ardhi tajiri. Hukubali mchanga uliokwisha rutuba ambao mkulima angeukataa, na kwa sababu hiyo iliachwa. Hapa ndipo atembeapo mnana wa Clarke, ndege wa manjano na mweusi ambaye wataalamu wamemjua tangu mwaka 1913, lakini kwa karne nzima hawakujua hutaga wapi, mpaka mwaka 2013 viota vyake vilipoonekana katika kinamasi cha msitu wa Dakatcha, ng'ambo ya mto Sabaki. Habari hiyo ina fundisho kwa wenye kupanga hifadhi: ndege mmoja ana nyumba mbili, na ulinzi wa ile moja ni kazi bure ikiwa ya pili itaachwa iteketee kwa makaa.

Kisha, karibu kwa ghafla, mchanga hugeuka mwekundu. Upande huu wa magharibi mvua ni chache. Mashariki hupita milimita 1,000 kwa mwaka, na kaskazini-magharibi hushuka hata 600 hivi, na miti inajua hesabu hiyo. Mirihi hukoma, na mahali pake huchukuliwa na mfunda, mti mfupi uliosongana, wenye matawi yaliyofumana kiasi kwamba jicho halipenyi zaidi ya hatua kadhaa. Humo mchana kutwa hulala bundi mdogo wa Sokoke, kiganja cha mtu chaweza kumfunika, ambaye elimu ya kisasa ilimtambua katika miaka ya 1960, na ambaye mbali na hapa hujulikana tu katika misitu ya chini ya milima ya Usambara, Tanzania. Mzee aliiacha baiskeli, akaniongoza kwa miguu, akasimama, akanionyesha kwa kidevu. Nilitazama tawi lile muda mrefu nisione kitu, mpaka kipande kimoja cha gome kilipofumbua jicho. Nilipoliona jicho lile nilijua kwa nini mwongozaji ni wa lazima, na kwa nini ujuzi wake wastahili ujira mwema: msitu huu hauna milima wala maporomoko ya kumshangaza mgeni, hazina zake ni ndogo na zimefichwa, na ufunguo wake uko kwa watu waliozaliwa kando yake.

Tuligeuka kusini-mashariki na kutoka msituni karibu na Mida. Mpaka wenyewe huonekana wazi: huku miti, huku mashamba, na kati yao ua wa waya wa umeme uliowekwa ili ndovu wasiingie katika mahindi na mihogo ya watu. Hapo ndipo mtu anapopaswa kufanya insafu. Ni rahisi kwa mgeni kuusifu msitu; lakini mkulima aliyelala na njaa kwa sababu ndovu walipita shambani kwake usiku, ambaye mwanawe amefukuzwa shule kwa karo, ataukabilije msitu ule kila asubuhi ajuapo kwamba gunia moja la makaa lingemlipia deni lake? Katika miaka ya mwanzo ya 1990 wakazi wengi wa kandokando walisema wazi kwamba wangependelea msitu wote au sehemu yake ugawanywe kuwa mashamba, na hakuna mwenye haki ya kuwalaumu kabla ya kuwauliza walikuwa wamefaidika nini nao.

Jibu moja la swali hilo liko kwenye hori la Mida. Baiskeli zetu tuliziacha chini ya mnazi, tukatembea juu ya daraja la mbao lililoning'inizwa kwa kamba katikati ya mikoko. Maji yalikuwa yanapwa. Mizizi ya mkoko ilisimama juu ya matope, kaa wadogo wakichomoka na kuzama katika mashimo yao, na nyuma ya mikoko, mikandaa na michu iliyojipanga kila mmoja kwa kadiri uvumiliavyo chumvi. Mwisho wa daraja pana kibanda cha kutazamia, na mbele yake uwanda mpana wa matope walikokuwa wametapakaa ndege wageni, wale wajao na msimu kutoka Asia na Ulaya, na miongoni mwao yule mweupe na mweusi mwenye mdomo mzito wa kuvunjia kaa, anayezaliana katika pwani za Bahari ya Arabu na Ghuba, na kuja kwetu kwa msimu kama walivyokuja mababu wa baadhi yetu. Fedha ambazo mgeni hulipa kupita juu ya daraja lile husaidia kuwalipia karo ya sekondari watoto wa familia zinazopakana na msitu na hori, chini ya mpango ulioanzishwa mwaka 2001 na shirika la A Rocha Kenya, na wazazi wa watoto hao hushiriki katika kupanda na kulinda miti. Mlinzi wa daraja alizipokea fedha zangu, akaniandikia risiti, akaipiga mhuri kwa uangalifu mkubwa, nami sikupata kulipa kitu kwa furaha kama ile.

Kutoka Mida tuliifuata barabara ya lami hadi njiapanda, tukashika njia ya Watamu, kisha tukaingia katika kivuli kizito cha magofu ya Gede. Huu ni mji ulioanzishwa kama karne ya 12, ukastawi katika karne ya 15, ukahamwa katika karne ya 17. Ndani ya kuta zake, zenye kuzunguka ekari kama 45, mna msikiti mkuu wenye kibla na safu za nguzo, jumba la mtawala, nyumba za matajiri zenye madaka na vyoo vilivyojengwa kwa ustadi, na visima. Kaburi moja limechongwa tarehe ya mwaka 802 Hijria, nao ni sawa na 1399 Miladia. James Kirkman, aliyeanza kuchimba hapo mwaka 1948, alipata vyombo vya kaure ya Kichina, shanga za kigeni na bidhaa nyingine za ng'ambo, ithibati kwamba watu wa Gede waliokaa mbali kidogo na bahari walikula na kuvaa kwa biashara ya bahari. Hata hivyo Wareno, waliokaa Malindi karibu karne nzima, hawakuutaja mji huu katika maandishi yao. Mwaka 2024 shirika la UNESCO liliutia katika orodha ya urithi wa dunia.

Kwa nini watu waliuacha? Wanazuoni hutaja mashambulio ya Wagala, hutaja vita vya Wazimba vya mwaka 1589 na kuhamia kwa mtawala wa Malindi huko Mombasa, na hutaja jambo jingine ambalo mimi nililitazama kwa macho, maana nilisimama juu ya kisima kilicho karibu na msikiti mkuu na kuchungulia kina chake: maji yalizidi kushuka, na watu wakazidi kuchimba. Walipoondoka, miti ikaja. Mfune umesimama ndani ya ukumbi, mizizi ya mkuyu imeukumbatia ukuta wa matumbawe, na kima huruka kutoka dakani hadi tawini. Mji uliokosa watu umegeuka msitu. Na nilipokuwa hapo, niliyeshinda siku nzima katika msitu unaotamaniwa na mashamba, niliona upande wa pili wa kanuni hiyo, kwamba msitu nao ukikosa wenyewe hugeuka shamba, kisha shamba likichoka hugeuka jangwa. Kila kimoja kati ya viwili hivi husimama kwa watu.

Penye ua wa magofu iko nyumba ya mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa mwaka 1993 chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Wakulima wa kandokando hukamata vipepeo wachache msituni, huwaweka katika vizimba vya chandarua nyumbani, wakawapa miche ya miti waipendayo ili watage. Viwavi hulishwa majani mpaka wajifunge katika vifuko, na vifuko hivyo, kabla havijapasuka, hupelekwa kwa ndege hadi nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani. Mama mmoja alikuwa ameleta mzigo wake. Alifungua kopo la plastiki lililotandikwa pamba, akavitoa vifuko kimoja kimoja kwa ncha za vidole, vingine vya kijani kibichi, vingine vya rangi ya jani bovu, na kimoja chenye nukta za fedha. Mpokeaji akavigeuza penye mwanga, akavitenga kwa jinsi zake na kuandika. Nilimwuliza kama hulima pia. "Nalima, mwanangu, lakini mvua ina yake. Huyu hali mahindi yangu. Anakula majani ya mti wa mle ndani. Mti ukikatwa, mimi nitamlisha nini?" Katika maneno hayo machache mlikuwa na hoja yote ya hifadhi, nayo ilitoka kwa mtu ambaye hoja hiyo yamhusu hasa.

Tangu hapo nimeamini, na naliandika bila kusita, kwamba Arabuko-Sokoke umesalimika na utasalimika kwa kadiri watu wa kandokando watakavyoona sehemu yao ndani yake: mwongozaji katika sange, mwanafunzi katika daraja la Mida, mama katika kifuko cha kipepeo. Sheria yafaa, ua wa umeme wafaa, askari wafaa. Lakini ni hao majirani, usiku na mchana, walio karibu kuliko askari yeyote.

Basi rai yangu kwa wasomaji ni hii. Mwenye baiskeli Malindi, Watamu au Kilifi asingoje wageni wa ng'ambo wamsimulie nchi yake. Na apange siku, achukue maji ya kutosha, aanze mapema, alainishe matairi na ajifunze kunyamaza. Walimu wa shule zetu wawapeleke wanafunzi wa jiografia na historia kwa pamoja, kwa kuwa hapo elimu hizo mbili ni kitabu kimoja. Serikali ya kaunti na iwatengenezee waendesha baiskeli, wenye makaa na madumu kwanza, njia salama ya pembeni katika barabara ile kuu ambayo magari huwapita kwa mbio za kutisha. Na kila aingiaye alipe kiingilio chake chote kwa ukunjufu, amchukue mwongozaji wa hapo hapo, anunue embe na madafu kwa watu wa Mida, maana shilingi ipitayo katika mikono hiyo ndiyo inayomfanya mwenye shoka apate sababu ya kuliacha nyumbani.